Barua za Wasomaji: Afisa wa Jeshi, Nyumba Yake na Ibada Yake

Barua nne tulizochagua mwezi huu zimetoka Mbeya, Lindi, Morogoro na Nakuru, na zote zinamhusu afisa wa jeshi akiwa nje ya gwaride: mume, baba, mtoto wa mtu na muumini. Anayezijibu ni Luteni Kanali mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), aliyelitumikia jeshi kwa miaka 31, aliyekulia katika kota za jeshi kwa kuwa baba yake naye alikuwa askari, na ambaye sasa ni mzee wa kanisa na mfugaji wa kuku. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kwa ombi lao.

SWALI: Shikamoo Afande. Mume wangu ni Kapteni, na kikosi chake kinajiandaa kwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa mwaka mmoja. Tuna watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Mume wangu ni mcha Mungu, hanywi pombe, na hajawahi kutunyima kitu. Lakini kila nikiitaja safari hiyo hunijibu kwamba yeye alikula kiapo na kwamba nchi ndiyo inayotangulia, kisha mazungumzo yanakwisha. Siogopi risasi kama ninavyouogopa huo mwaka wenyewe. Ninyi mliwezaje? — Mama wa Wawili, Mbeya

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo jibu la mumeo, kwa sababu nalifahamu vizuri. Mimi mwenyewe nimelitumia kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba afisa anapotunukiwa kamisheni hula kiapo cha utii, na ni kweli kwamba amri ikitoka haisubiri mtoto apone surua. Lakini katika kiapo nilichokula mimi hapakuwa na neno lolote lililonikataza kukaa na mke wangu tukazungumza nani atalipa ada mwezi wa Januari. Mwanajeshi anapoitaja nchi katikati ya mazungumzo ya nyumbani, mara nyingi anatafuta komeo la kufungia mlango, kwa kuwa yeye pia anaogopa na hajui aanzie wapi. Usibishane naye juu ya nchi, utashindwa. Mwulize mambo madogo yenye tarehe na kiasi, kwa maana kupanga mambo ya namna hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa: kodi ya nyumba inakwisha lini, mtoto akilazwa usiku nimpigie nani kati ya ndugu zako, mama yako akiomba fedha za paa nimjibu nini.

Hofu yako si ngeni, wala si ya kuonea haya. Kumbukumbu la Torati 24:5 inaagiza kwamba mtu aliyeoa karibuni asitoke kwenda vitani, bali akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mke wake. Kwa upande wa Uislamu ipo riwaya mashuhuri ya Khalifa Umar bin Khattab, ambaye katika matembezi yake ya usiku mjini Madina alimsikia mwanamke akighani beti za upweke kwa sababu mumewe alikuwa vitani. Akaenda kwa binti yake Hafsa kumwuliza mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mume, na alipojibiwa akaweka ukomo wa muda ambao askari angekaa mbali na nyumba yake. Riwaya zinatofautiana, baadhi zikitaja miezi minne na nyingine sita, lakini kinachonigusa mimi ni kwamba amiri wa majeshi yote aliona kuna jambo asilolijua, akaenda kuuliza kwa mwanamke. Safari za siku hizi ni za mwaka, na hakuna Hafsa anayeulizwa. Kwa hiyo itabidi muulizane wenyewe.

Mimi nilikwenda kulinda amani Darfur, magharibi mwa Sudan, mwaka 2011 nikiwa Meja, nikamwacha mke wangu na watoto watatu. Niliondoka nikiamini kwamba nimeacha kila kitu kikiwa sawa, ilhali akaunti ya benki ilikuwa kwa jina langu peke yangu, na mke wangu alikaa wiki sita akikopa kwa majirani huku fedha zipo. Usikubali hilo. Kabla ya siku ya kuagana, hakikisha kwamba unaweza kutoa fedha bila kumsubiri, na mkubaliane kwa kauli moja kuhusu posho ya misheni, ambayo ina masikio mengi kuliko mshahara: kabla hata ndege haijapaa, ukoo mzima utakuwa umeshaigawa. Yupo atakayetaka pikipiki, yupo atakayetaka mtaji, na kila mmoja atakuja kwako wewe kwa sababu mumeo hapatikani. Mwenye kusema hapana awe yeye, kwa sauti yake, kabla hajaondoka. Asikuachie wewe uadui huo.

Kuhusu ibada, kuna afisa mmoja katika Maandiko ambaye ningependa mumeo amsome upya akiwa na wewe kando yake. Ni Kornelio wa Matendo ya Mitume sura ya 10, aliyekuwa Kaisaria katika kikosi kilichoitwa cha Kiitalia. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka inamwita akida, neno ambalo bibi yangu kule Songea hakulipenda hata kidogo, kwa kuwa akida aliyesimuliwa na mama yake alikuwa yule wa Wajerumani, mwenye kiboko na daftari la kodi, aliyechangia kuwasha moto wa Maji Maji mwaka 1905. Hata hivyo akida huyu anatajwa kuwa mcha Mungu yeye pamoja na nyumba yake yote, na alikuwa na saa yake ya kusali inayojulikana, saa tisa ya mchana. (Sisi Waswahili hatuna haja ya kukokotoa hapo, saa ya Biblia na saa yetu ni moja.) Maono yalimkuta katika saa ileile, naye alipotaka kumwita Petro aliwatuma watumishi wawili wa nyumbani mwake pamoja na askari mmoja mcha Mungu, na Petro alipofika alimkuta amekwisha kuwakusanya jamaa zake na rafiki zake. Kambi, nyumba na sala vilikuwa kwenye orodha moja.

Mimi na mke wangu tuliiga jambo hilo bila ustadi wowote. Kila siku saa tatu usiku, yeye Dar es Salaam na mimi Darfur Kusini, tulisoma Zaburi ya 121, na siku ambazo simu ilishika tuliisoma pamoja, yeye mstari mmoja na mimi mmoja, huku vocha ikikatika. Kulikuwa na usiku nilioisoma kwa tochi ndani ya gari, na kulikuwa na usiku nilioisoma bila kuielewa kwa uchovu. Sikuiruka, kama ambavyo nisingeliruka lindo. Ninyi mkumbuke kwamba Jamhuri ya Afrika ya Kati iko nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo saa tatu yako ya usiku ni saa moja yake ya jioni; chagueni saa ambayo mtoto mkubwa atakuwa bado macho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonifanya niandike jibu refu hivi. Mwaka wenyewe utaisha. Tatizo ni kurudi.

Nilirudi asubuhi moja nikiwa na begi begani, na kitinda mimba wetu, niliyemwacha akiwa na miaka mitatu, akasimama mlangoni akaniamkia, “Shikamoo mjomba,” kisha akamwita mama yake kumwambia kwamba kuna mgeni. Hilo liliuma, lakini lilipita ndani ya wiki moja. Lililochelewa kupita lilikuwa langu mimi. Nilikuta mtungi wa gesi umehamishwa kutoka jikoni hadi barazani, nikauliza ni nani ametoa amri. Nilikagua vitanda. Mwanangu wa kidato cha kwanza nilimtaka asimame wima anapozungumza nami. Jumamosi ya tatu, nikiwa nimesimama uani kuhoji ni kwa nini nguo zimelowekwa tangu jana, mke wangu aliacha beseni, akafunga visigino, akaweka mikono nyuma, akasema kwa sauti ya gwaride: “Afande, wote wapo, mgonjwa hakuna, naomba ruhusa niendelee kufua!” Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka mpaka usiku.

Usiku huo ndipo aliponipa daftari. Kwa mwaka mzima alikuwa ameandika kila siku mstari mmoja au miwili: mtoto gani aliugua na alipewa dawa gani, nani alikopeshwa na kiasi gani, mabomba yalikauka lini, ni kwa nini mtungi ulihamishwa (jirani alinusa gesi inavuja usiku). Tulilisoma kwa jioni nne mfululizo, naye akinieleza pale nisipoelewa, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na haki ya kutoa maoni ndani ya nyumba iliyokwenda bila mimi. Anza daftari hilo siku atakayoondoka. Na umwombe akuahidi sasa, kabla ya safari, kwamba mwezi wa kwanza baada ya kurudi hatabadilisha chochote nyumbani, hata kama ni mahali pa kuwekea viatu.

Jambo moja la mwisho, na ulichukulie kwa uzito. Mtu anaweza kurudi akiwa mzima wa mwili lakini halali, anashtuka mlango ukigongwa, hasali, au anakaa kanisani karibu na mlango ili atoke haraka. Mimi nilikaa karibu na mlango kwa miezi mitano. Ikitokea hivyo msiseme ni pepo, wala msimwite tu mchungaji mkaishia hapo. Mchungaji aje, na daktari aonwe pia. Jeshi lina hospitali zake, na maumivu ya namna hiyo yanatibiwa kama malaria inavyotibiwa.

SWALI: Assalaam alaykum mzee wangu. Mwanangu yuko Monduli anasomea uafisa. Marehemu baba yake alitamani awe mwalimu wa madrasa, na kweli kijana alikuwa akiadhini katika msikiti wa mtaani kwetu. Je, ataweza kushika swala na saumu katika maisha hayo? Na mtu wa dini anaweza kubeba silaha na moyo wake ukabaki safi? — Mama Mjane, Lindi

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya swali lako niliipeleka kwa mwenzangu tuliyeanza naye jeshi tukiwa makuruta, Meja mstaafu ambaye sijawahi kumwona akiipitisha Alfajiri hata tulipokuwa tumelala saa moja tu porini. Alicheka, akaniambia nimwambie mama afungue Surat An-Nisaa aya ya 101 na ya 102. Aya ya kwanza inaruhusu kufupisha swala safarini, na ya pili inaeleza jinsi ya kuswali penye hofu ya adui: kundi moja linasimama kuswali likiwa na silaha zake huku jingine likilinda, kisha yanabadilishana, ili swala isiachwe na lindo lisiachwe. “Hiyo ni zamu,” akasema. “Dini iliyopanga zamu haitashindwa na Monduli.” Kuhusu saumu, Surat Al-Baqara aya ya 184 na ya 185 zinampa msafiri na mgonjwa nafasi ya kulipa siku nyingine, lakini mafunzo makali yanahesabiwaje ni jambo ambalo kijana amwulize sheikh aliye karibu naye, asijiamulie, wala asione aibu kuuliza.

Alinisimulia pia kisa chake ambacho sikuwahi kukisikia kwa miaka yote hiyo. Katika wiki zake za kwanza za mafunzo alikuwa akiona haya, akawa anajificha nyuma ya ghala kuswali Alasiri, mpaka sajenti mmoja, ambaye hakuwa Mwislamu, alipomfuma akiwa amesujudu. Alimsubiri atoe salamu, na kijana akainuka akitarajia adhabu. Sajenti akamwambia kwamba kuanzia siku ile aswali mahali pa wazi, kwa sababu akiwa nyuma ya ghala anaweza kuhesabiwa kuwa mtoro. Hapana shaka, mama, kwamba atakutana pia na wenye mizaha, na kuna siku ratiba itambana; lakini jeshini mtu anayejulikana kuwa na msimamo huheshimiwa upesi kuliko mtaani, kwa kuwa kila mtu anajua gharama ya kushika utaratibu.

Sehemu ya pili ya swali lako ni nzito zaidi. Al-Baqara aya ya 190 inaruhusu kupigana na wanaokupiga, na papo hapo inakataza kuvuka mipaka. Katika Injili ya Luka, sura ya 3, askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini, naye hakuwaambia watupe silaha. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasisingizie, na waridhike na mishahara yao. Hilo la mishahara limewachekesha maafisa wengi niliowasomea, ila wale waliowahi kusimamia ghala au fedha za kikosi hawakucheka sana. Kwa uzoefu wangu, moyo wa afisa hauchafuki siku ya mapigano, ambayo wengi wetu tunaipata mara chache au hatuipati kabisa. Unachafuka polepole, pale anapoona mtu wake amempiga raia kizuizini akanyamaza, au anapotia sahihi karatasi ya mafuta ambayo hayakufika. Afisa ndiye mwenye sauti ya kusema “acha” na ikatiiwa papo hapo. Ukizungumza na mwanao, mama, mwulize kuhusu mambo hayo kama unavyomwuliza kuhusu swala.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi nipo kidato cha pili. Baba ni Meja. Nimeshasoma Mwanza, Tabora, Arusha na sasa Morogoro, na kila ninapopata marafiki tunahama. Nyumbani tunaamshwa saa kumi na moja na nusu, tunasali, halafu anapita kuangalia kama viatu vimepangwa kwa mstari. Nampenda, lakini hatuwezi kuzungumza naye. Nimwambieje bila kumkosea adabu? — Binti wa Meja

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mimi pia ni mtoto wa askari. Baba yangu aliondoka kwenda vita vya Kagera mwishoni mwa mwaka 1978 nikiwa na miaka 12, na kwa miezi mingi habari zake zilikuwa zile za redio ya jirani tu; tuliposikia kwamba Kampala imeanguka tarehe 11 Aprili 1979 mama alikaa kizingitini akalia, kwa sababu mtangazaji alitaja mji, hakumtaja mumewe. Aliporudi hakutueleza lolote. Alitupangia viatu. Ilinichukua nusu ya umri wangu kufahamu kwamba viatu vilivyonyooka vilikuwa ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kutuambia kwamba amefurahi kutuona, na bado nasema hakuwa na haki ya kuishia hapo.

Jeshini askari mwenye jambo huomba kuonana na mkuu wake, naye huomba kwa kupitia ngazi, hairuki. Ngazi yako ni mama. Mwambie akuombee kwa baba nusu saa ya Jumapili baada ya ibada, nyinyi wawili tu, nje ya nyumba, mkitembea. Usianze na malalamiko. Mwulize yeye alihama mara ngapi akiwa mtoto na rafiki yake wa kwanza alikuwa nani. Kisha mweleze kuhusu rafiki uliyemwacha Arusha, kwa jina lake. Na gazeti hili lifike mikononi mwake likiwa limefunguliwa ukurasa huu; kama ni Meja aliye mzima, ataelewa kwamba amepewa taarifa na mtu aliyekuwa amemzidi cheo.

SWALI: Mzee, habari za kwako. Bwanangu ni Meja katika Jeshi la Ulinzi la Kenya. Tangu Jenerali Francis Ogolla azikwe bila jeneza, bwanangu amekuwa akisema kwamba naye anataka azikwe vivyo hivyo, lakini nikimwambia aandike anasema kuandika ni kujiitia kifo, na kwamba Mungu ndiye apangaye. Padri wa kambi naye ameshindwa kumshawishi. Nifanye nini? — Mke wa Meja, Nakuru

JIBU: Dada yangu, mwambie kwamba anamwiga Jenerali Ogolla nusunusu. Jenerali huyo, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya na rubani wa ndege za kivita, alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024, helikopta yake ilipoanguka Sindar katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, pamoja na wanajeshi wengine tisa, akiwa amebakiza siku chache tu kutimiza miaka 40 jeshini. Jumapili, tarehe 21, alikuwa ameshazikwa nyumbani kwake Alego, Siaya, bila jeneza, kwa kuwa alikuwa ameieleza familia yake mapema kwamba anataka maziko mepesi yafanyike ndani ya saa 72. Nchi nzima ilishangaa, na zaidi ilishangaa kwa kuwa alitoka katika jamii ya Wajaluo, ambao maziko ya mtu mkubwa kwao huchukua siku nyingi na gharama nyingi. Fikiria jinsi ambavyo mjane na watoto wangepata taabu ya kuutetea uamuzi huo mbele ya wazee, majenerali na wanasiasa kama asingekuwa ameusema yeye mwenyewe, mapema, kwa wazi. Waliweza kwa sababu hawakuwa wanatoa maoni yao. Walikuwa wanapeleka ujumbe.

Kwamba kuandika ni kujiitia kifo, mimi nililiamini hilo mpaka tarehe 13 Julai 2013, siku ambayo walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur Kusini walipovamiwa wakiwa kwenye doria, katika jimbo lilelile nililolihudumu miaka miwili kabla. Miaka minne baadaye, tarehe 7 Desemba 2017, yakaja ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, tulipopoteza walinda amani wasiopungua 14 usiku mmoja. Sijui kama yupo hata mmoja kati yao aliyekuwa amejiitia kitu. Ninachokijua ni jambo dogo la ofisini, ambalo nililiona mara nyingi nikiwa kikosini: kijana anajaza jina la mrithi akiwa kuruta, anaandika mama yake au kaka yake, kisha anaoa, anazaa, anapanda vyeo, na ile karatasi inabaki kama alivyoijaza akiwa na miaka 20. Msiba ukitokea, mke anafika na cheti cha ndoa mkononi, na faili linamtambua shemeji. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, na sitaki kukuelezea sura ya mwanamke yule.

Kwa hiyo usianze na jeneza. Mwombe bwanako afanye jambo moja tu mwezi huu: aende ofisi ya kumbukumbu ya kikosi chake, aombe kuona ni jina la nani liko kwenye faili, na alisahihishe kama halifai. Hiyo ni kazi ya karatasi, haina harufu ya kifo, na afisa hawezi kuikataa bila kujiona mjinga. Akishalifanya hilo, la pili litakuwa jepesi: karatasi moja yenye mahali pa kuzikwa, anayedaiwa na anayemdai, na watoto wakae na nani. Aiandike kwa mkono wake, asaini mbele ya padri huyohuyo aliyeshindwa kumshawishi, ili padri naye apate kazi.

Yangu imo ndani ya bahasha ya kaki kwenye sanduku la khanga za mke wangu, tangu Agosti 2013. Niliandika kwamba nisipigiwe hotuba zaidi ya mbili, fedha za maua zipelekwe kwenye ada ya watoto wa kwaya, na nikachagua nyimbo tatu. Mwaka jana niliifungua kubadilisha namba ya kiwanja, nikakuta wimbo wa pili umekatwa kwa kalamu nyekundu na pembeni, kwa mwandiko wa mke wangu, pameandikwa: “Huu hakuna anayeujua sauti ya tatu. Chagua mwingine.”